Kiua Kisichokuwepo Jiweni

Kabla hamjaanza kusoma, nendeni mkaoshe mikono. Najua mmeshika karatasi tu, si kitambaa, lakini mimi nimefanya kazi ya kudarizi miaka ishirini na kitu katika mji huu wa London, na sijazoea kuzungumza na mtu mwenye mafuta ya chipsi vidoleni. Haya. Sasa kaeni.

Mama zenu wameniambia niwaandikie kwa Kiswahili chepesi, kwa kuwa mnakielewa ila mkiulizwa mnajibu kwa Kiingereza. Mimi sina chepesi wala kizito. Nina hiki nilichotoka nacho Unguja, mtaa wa Kikwajuni, na mkikwama muulizeni mama. Jina langu Bi Shufaa. Nimestaafu. Vidole viwili vya mkono wangu wa kulia havinyooki tena, na hiyo ndiyo zawadi ya kustaafu niliyopata. Wengine hupewa saa ya ukutani.

Kazi niliyotoka nayo kwetu ni kofia. Sisemi hizi za mashine zilizorundikwa madukani Edgware Road. Nasema kofia ya viua, ya mkono. Kiua ni kitundu kidogo cha mviringo: unatoboa kitambaa kwa msharasi, kisha unakizungushia uzi ukingoni mpaka kinasimama chenyewe. Kofia moja ina viua mamia. Alinifundisha bibi yangu mzaa baba, mwanamke asiyejua kusifu. Ukimpelekea kazi akanyamaza, umefaulu, nenda kale. Alikuwa na jaribio lake moja. Aliikunja kofia katikati, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, akaitazama kwa jicho moja. Kila kiua kilipaswa kukaa juu ya mwenzake na mwanga upite. Akiona kimoja kimeziba, anakurushia kofia yako mapajani. Mimi nimekunja na kuinua tangu nina miaka tisa, hata leo nikikunja taulo mkono unataka kwenda dirishani. Likumbukeni hilo la kukunja, maana ndilo lililoniponza.

Nilivyopata kazi ni hivi. Miaka ya tisini nilikuwa nasafisha ofisi, na asubuhi nikirudi nyumbani kwa treni nashona kofia ya mume wangu. Siku moja akakaa mbele yangu mama wa Kizungu, mrefu, nywele nyeupe kakata fupi. Akainama kunitazama vidole. Uso wangu hakuuangalia kabisa. Kituo chake kikapita, changu kikapita, tukafika mwisho wa reli sote wawili. Hapo ndipo aliponiuliza, "Unatoboa kwanza au unashona kwanza?"

Tangu nifike nchi hii nilikuwa nimeulizwa natoka wapi hata nimechoka. Hakuna aliyewahi kuniuliza kama natoboa kwanza au nashona kwanza. Nilimpenda pale pale. Nikamwambia natoboa kwanza, akatikisa kichwa kwa furaha kama mtu aliyeshinda ubishi wa siku nyingi.

Alikuwa Mswidi, jina lake Kerstin, kaolewa na Mwingereza na kufiwa naye. Alikuwa na karakana ya chumba kimoja ghorofani, nyuma ya soko la Lewisham, akitengeneza vitambaa vya makanisa, mapazia ya maonyesho, bendera za vyama vya wazee. Wiki ya pili nikawa nimeketi kwenye kiti kando yake. Nikamwita Bi Kerstin, maana mtu aliyenizidi umri siwezi kumwita kwa jina tupu. Akauliza hiyo Bi ni cheo gani. Nikamwambia ni heshima. Akasema kwao wameshaacha mambo hayo. Nikamwambia basi kwetu bado. Akakaa nayo, na mwishowe wateja nao wakawa wanamwita Bi Kerstin, wakidhani ndilo jina lake zima.

Siwezi kuwaambia yote aliyonifundisha, ila machache yashikeni. Uzi haukatwi kwa meno. Alinipa mkasi mdogo wa kuvaa shingoni akasema meno ni ya mkate. Kila baada ya mishono kumi inua macho utazame kitu cha mbali. Mshono ukikukera leo, usiufumue leo, ufumue kesho umepoa. Hilo la mwisho limeniokolea vitambaa vingi, na ndoa pia.

Basi siku moja akafungua bomba la bati akatoa karatasi. Karatasi kuukuu, ndefu kuliko meza, pembe zinamong'onyoka. Ilikuwa nyeusi nyeusi, na ndani ya weusi zimebaki alama nyeupe: mashua ndefu iliyobeba vijistari vilivyosimama wima, ambavyo ni watu, gurudumu la jua, nyayo mbili, na chini ya mashua upinde wa vishimo vya mviringo. Akanieleza kuwa kwao, pwani ya magharibi ya Uswidi, watu wa kale sana, miaka kama elfu tatu nyuma, walichonga picha hizi kwenye miamba kwa kugonga jiwe juu ya jiwe. Karatasi ile aliifanya baba yake. Aliitandaza juu ya mwamba uliokuwa karibu na nyumba yao, akaisugua kwa kaboni na konzi ya majani mabichi. Mwamba ukatoka mweusi na palipochongwa pakabaki peupe. Wakati baba anasugua, Kerstin, mtoto wa miaka sita, alikuwa anatia kidole katika kila kishimo na kuhesabu. Miaka michache baadaye wachimba mawe wakaupasua mwamba ule ukawa kokoto. Ikabaki karatasi.

"Na karatasi haishikiki," akaniambia. "Imelala bapa."

Nilikuwa nimeshaona jinsi anavyotazama vitu kwa upande, kama kuku. Macho yake yalikuwa yanakufa kuanzia katikati. Akikutazama usoni haoni pua wala mdomo, anaona masikio yako. Daktari alishamwambia masikio nayo yataondoka. Alitaka mwamba ule udariziwe, kila alama mahali pake na kwa idadi yake, ili macho yakiisha ausome kwa vidole kama alivyousoma akiwa na miaka sita. Kitambaa kilikuwapo, kitani cha kijivu alichofuma mama yake kwa mkono. Kilikuwa kimoja tu. Yeye mwenyewe sindano ilikuwa imeshamshinda. Akaniuliza kama nitaweza.

Jamani, kitani kimoja tu! Lakini nikaona vile vishimo chini ya mashua, nikacheka kwa sauti. Nikatoa kofia ya mume wangu mkobani nikamwekea kidole chake juu ya kiua. Akakipapasa, akakipapasa tena. Ndivyo tulivyokubaliana kuwa vishimo vya jiwe vitakuwa viua vya Unguja.

Msidhani tulianza kushona siku hiyo. Kwanza alitaka nijue jiwe linavyovunjika. Akanishusha uani, pana ukingo wa barabara wa mawe magumu, akanipa kokoto akasema nigonge. Wanawake wawili wazima, mmoja kavaa mtandio, wamepiga magoti uani Lewisham wanagonga barabara kwa mawe. Polisi akapita, akauliza kuna tatizo gani. Bi Kerstin akamjibu hakuna tatizo, tunajifunza. Yule kijana akatutazama, akaamua ana kazi nyingine ya kufanya. Nami nikaona: jiwe likigongwa halitoi mstari, linatoa nukta, nukta, nukta, na ukingo wake umeparaganyika. Nikarudi juu nikaacha mshono mrefu laini niliouzoea. Ule mwili wa mashua niliujaza kwa mishono mifupi kama punje, moja huku, moja kule, hakuna inayofuata mwenzake. Ilinichukua wiki tatu kuuzoesha mkono wangu utovu huo wa adabu.

Uzi tulinunua Tooting, kwa Kanta. Nilimwita Dada Kanta. Mzaliwa wa Mombasa, Mhindi wa Kigujarati, duka lake limejaa nyuzi mpaka darini, na Kiswahili chake ni cha Mombasa hasa. Nikamwambia nataka uzi wa kijivu cheupe. Akanitazama kwa huruma.

"Kijivu kipi? Mimi nina vijivu arubaini. Wewe wataka cha jiwe kavu au cha jiwe lililonyeshewa?"

Bi Kerstin akasema kavu. Kanta akakataa kuuza ndani ya duka, eti taa za dukani ni waongo. Akatutoa na maboksi yake hadi barabarani tungoje jua. Jua, London, mwezi wa Novemba! Tulisimama karibu saa nzima mabasi yakitupita, na lilipotokea kwa dakika mbili Kanta akapiga kelele, "Haya, haya, chagua, laenda hilo!" Alichokichagua yeye ndicho tulichokitumia. Kuhusu rangi sijapata kumwona akikosea.

Hapa niwarushe miaka kidogo. Karakana ilipoletewa mashine ya kompyuta, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, mteja mmoja alitaka vitambaa vya meza vyenye mashua kama zile. Mashine ikadarizi mashua arobaini kwa asubuhi moja, zote sawasawa, watu wanane kila moja, hakuna aliyezidi wala aliyepungua. Wenzangu wakaishangilia. Mimi nikacheka peke yangu, nikasema kimoyomoyo, hii nayo imefundishwa na bibi yangu. Kwa nini nilicheka, nawaambia sasa.

Turudi nyuma, kabla ya mashine: kazi ya mwamba wa Bi Kerstin ilikuwa inaelekea kwisha. Nilikuwa nimebakiza upinde wa vishimo. Vishimo vile ni vikubwa kuliko viua vya kofia, kwa hiyo msharasi peke yake hautoshi. Baada ya kutoboa unakata nyuzi za kitambaa kwa ncha ya mkasi. Mshono ukikosea unaufumua. Uzi wa kitambaa ukishaukata umekata. Upande wa kulia wa mashua karatasi ilionyesha vishimo saba, na upande wa kushoto sita. Nikavifanya vyote, kimoja kimoja, siku nyingi. Asubuhi ya Ijumaa nikamaliza. Nilikuwa nimefurahi. Mkono wangu, bila kuniuliza, ukakikunja kitambaa katikati ya mashua na kukiinua dirishani.

Mwanga ukapita sita. Cha saba kimeziba.

Sijui niwaelezeje. Sikufikiri hata kidogo. Miaka arobaini ya bibi yangu ilikuwa imekaa kwenye kiganja. Nikashika msharasi nikatoboa, nikakata, nikaanza kuzungusha uzi, huku naona raha ya mtu aliyegundua kosa mapema. Nilipofika nusu ya mzunguko macho yangu yakaangukia karatasi. Sita. Karatasi ilikuwa inaniambia sita.

Niliweka sindano chini. Nilikuwa nimechonga kishimo kwenye mwamba wa watu waliokufa miaka elfu tatu, katika kitambaa cha marehemu, kwa ajili ya mwanamke ambaye baada ya miezi kidole chake ndicho kitakachokuwa macho yake. Yeye alikuwa kaenda hospitali kuangaliwa. Nikakivingirisha kitambaa, nikapanda basi na treni hadi Tooting huku nimekikumbatia.

Kanta akakitazama kwenye mwanga wa mlangoni. Hakunigombeza. Akafunga duka, kitu ambacho sikuwahi kumwona akifanya mchana.

"Rafu," akasema. "Keti. Bibi yangu alikuwa akitia rafu shali za watu wakubwa. Hata bwana arusi mwenyewe hajui kuwa shali yake ilitoboka."

Shikeni hili, linaweza kuwafaa. Rafu ni kuziba tundu kwa kulifuma upya, na rafu ya kweli haitumii uzi wa dukani. Unachomoa nyuzi pindoni mwa kitambaa chenyewe, pale pa ziada. Unaanzia mbali na tundu, palipo pazima, unapita juu ya uzi mmoja, chini ya uzi mmoja, unavuka tundu, unaishia pazima upande wa pili. Huvuti. Ukivuta umefanya kovu. Ukimaliza njia moja, unageuza na kuifuma njia ya pili, kama mama yake Bi Kerstin alivyofuma zamani kule Uswidi. Kisha unalowesha kidogo, unasugua kwa ukucha wa kidole gumba. Kanta alifanya nusu akanionyesha, nikamalizia nusu. Tulipokigeuza mlangoni, mimi niliyekata lile tundu sikuliona tena.

"Sasa usimwambie," Kanta akasema. "Wataka kumwambia wa nini? Umtie simanzi bure? Haliko tena. Finished."

Nikakubali. Nawaambia ukweli, nilikubali kwa moyo mweupe, nikarudi Lewisham nimejaa shukrani.

Siku ya kumkabidhi nilikitundika ukutani, nikamwongoza. Sitasahau mikono ile. Alianza na nyayo, akaingiza vidole ndani yake akacheka. Akapanda kwenye gurudumu la jua, akalizunguka. Akaipitia mashua kutoka mwanzo hadi mwisho, akihesabu watu wake kwa Kiswidi, polepole, na machozi yanamtoka bila kuyafuta. Kisha akashuka kwenye vishimo. Saba vya kulia. Akavuka. Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, na kidole chake kikapita juu ya rafu, hakikusita, kikaendelea kwenye kitani kitupu.

"Sita," akasema. "Sita! Baba alidhani cha saba walikisahau."

Nilikuwa nimeponea. Kanta alikuwa amesema kweli, hakukuwa na mtu wa kujua. Lakini nilimtazama mwanamke yule, mwanamke aliyekosa kituo chake cha treni kwa ajili ya vidole vyangu, anayeamini kitambaa kile kuliko macho yake mwenyewe, nikaona siwezi. Nilimheshimu mno. Nikamshika kidole, nikakirudisha nyuma, nikakiweka pale.

"Hapa nilitoboa mimi," nikamwambia. "Hapakuwa na kitu. Nilikata kitani cha mama yako. Kanta na mimi tumetia rafu. Ukikipapasa taratibu utahisi pamekaza kidogo."

Kidole kikabaki pale. Nikasikia soko chini, mtu ananadi ndizi.

"Kwa nini ulitoboa?"

Nikamwambia yote, kofia, dirisha, bibi yangu. Nilipofika kwenye kurushiwa kofia mapajani akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini. Halafu akasema maneno ambayo nimeishi nayo: "Vizuri. Sasa najua vingine vyote ni vya kweli."

Hakunilaumu. Wala hakunisifu zaidi ya hapo, na kwa mtu aliyelelewa na bibi yangu ile ilikuwa tele.

Macho yalipomwisha kabisa aliuza vifaa, akatuachia karakana mimi na wenzangu wawili, akarudi kwao kuishi kwa mtoto wa dada yake. Tuliagana pale pale Lewisham, ngazini, akinishika vidole kama siku ya kwanza. Kitambaa alikibeba mwenyewe begani, kimevingirishwa, hakukubali kukiweka na mizigo. Mwaka wa pili ikaja barua, kaandikiwa na mtoto huyo wa dada yake. Ilisema kitambaa kimetundikwa kando ya kitanda, usawa wa mkono. Ilisema: "Kila asubuhi natafuta kwanza rafu yenu. Ukuta ni mkubwa na mimi hupotea. Nikiipata, najua nimesimama mbele ya mashua, na kutoka hapo naweza kwenda popote."

Nikaipeleka barua Tooting nikamsomea Kanta. Nilidhani atafurahi. Alinuna, akavua miwani, akaivaa tena.

"Kaipataje?" akasema. "Rafu yangu mimi haipatikani. Hakuna mtu amewahi kuipata. Kaipataje yeye, kipofu?"

Nikamwambia, nilimwonyesha.